Kabla Hujafungua Daftari: Mwongozo wa Kusoma na Kufanya Kazi kwa Umakini

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne hukaa na kitabu cha Historia tangu saa mbili usiku, ikafika saa tano akiwa amepitia kurasa ishirini na hakumbuki hata mbili. Anajilaumu, anajiona mzembe, anajiapiza kwamba kesho atajikaza zaidi. Kesho anakaa palepale, na simu ileile ubavuni, na matokeo yanakuwa yaleyale. Kijana huyu si mzembe, maana mzembe hakai mezani saa tatu. Amefundishwa tu imani potofu: kwamba umakini ni suala la kujikaza, na kwamba mwenye nia hutulia popote. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba umakini huamuliwa kabla hujakaa, na mambo yanayouamua ni ya kawaida kabisa: unakwenda kujibu swali gani, simu iko wapi, utasimama saa ngapi, na nani nyumbani au ofisini amekubali usisumbuliwe. Nia ina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kupanga hayo mapema, wakati kichwa bado hakijachoka. Ukiisubiri ije ikuokoe saa nne usiku, itakuangusha.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani, na haukuanzia shuleni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa anga wa Uingereza waliokaa mbele ya rada wakisaka nyambizi za adui walikuwa wakipitwa na ishara zilizokuwa mbele ya macho yao. Mwanasaikolojia Norman Mackworth wa Cambridge alipewa kazi ya kutafuta sababu, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 1948. Alitengeneza kitu kinachofanana na saa ya ukutani, chenye mshale uliosogea hatua moja moja kwa mwendo uleule. Mara chache tu, bila kutarajiwa, mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo, na mtazamaji alitakiwa abonyeze kitufe kila aonapo hivyo. Kazi ilidumu saa mbili. Ilipopita nusu saa tu, watazamaji walianza kupitwa na miruko mingi zaidi, na hali hiyo haikurekebishika. Hawa walikuwa vijana wenye afya na mafunzo, waliojua kwamba kazi ya namna hiyo ni ya kufa na kupona. Hapo nia haikukosekana. Kilichowachosha ni umbo la kazi yenyewe: kutazama tu kwa muda mrefu, bila kutakiwa kutoa chochote isipokuwa mara chache.

Sasa jiulize jinsi wengi wetu tunavyosoma. Tunafungua daftari, tunapitisha macho juu ya mistari tuliyoinakili wenyewe, tunapigia mstari kwa kalamu ya rangi, tunarudia. Macho yanatembea na akili haidaiwi kitu, kwa hiyo inakwenda zake kwenye mechi ya Jumamosi, ada iliyobaki au ujumbe ambao haujajibiwa. Mtu husema, "Siwezi kutulia ninaposoma," wakati alichokuwa akikifanya ni kile ambacho hata mlinzi wa rada hakukiweza. Dawa ni kubadili kazi ili ikudai jibu kila baada ya dakika chache, na dawa hiyo ina faida ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Katika moja ya majaribio yao, kundi moja liliisoma habari mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika kila lilichokumbuka. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka takriban asilimia 40 ya habari. Waliosoma mara moja wakajipima mara tatu walikumbuka takriban asilimia 61. Jambo la kutia hofu zaidi ni kwamba wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Kurudia kusoma hukupa hisia ya kuelewa, na hisia hiyo haikai na wewe hadi chumba cha mtihani.

Tuone namna ya kufanya hivyo kwa mfano mmoja, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, mada ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania hukutana nayo. Msomaji wa kawaida hufungua ukurasa na kuanza juu kwenda chini: sababu, matukio, matokeo, kushindwa. Wewe, kabla hujafungua, chukua karatasi tupu na uandike maswali matatu ambayo unataka uyajibu ukimaliza. Kwa nini upinzani ulianzia kwenye vilima vya Umatumbi, na kilimo cha pamba kwa lazima kilihusikaje? Maji ya Kinjikitile Ngwale yalifanya kazi gani ya kisiasa kati ya makabila ambayo kabla ya hapo hayakuwa na jeshi moja? Kwa nini njaa iliua watu wengi baada ya mapigano? Soma ukurasa ukiwinda majibu hayo. Kisha funga kitabu, kifunge kweli, na uandike majibu kwa maneno yako mwenyewe, hata kama yana mapengo. Mapengo hayo ndiyo faida ya zoezi, kwa sababu yanakuonyesha kwa usahihi mahali pa kurudi. Fungua, jaza kwa kalamu ya rangi nyingine, endelea na ukurasa unaofuata. Karatasi hiyo itunze: baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, jibu maswali yale tena bila kuangalia. Katika Hisabati utaratibu haubadiliki sana: usiufuate mfano wa mwalimu mstari kwa mstari ukitikisa kichwa, nakili swali lake peke yake, funika suluhisho, kokotoa, ndipo ulinganishe.

Wapo watakaosema njia hii ni ya polepole, na kwamba silabasi ni ndefu. Ni kweli kwamba utapita kurasa chache kwa saa moja kuliko anayepitisha macho. Tena haki inadai isemwe: katika utafiti uleule wa 2006, walipopimwa dakika tano tu baada ya kusoma, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Kama mtihani wako unaanza baada ya dakika tano, rudia kusoma. Lakini hakuna mtihani wa taifa unaofanywa hivyo, na hakuna ripoti ya kazini inayoulizwa dakika tano baada ya kuisoma. Kurasa nane zilizobaki kichwani zinakufaa kuliko ishirini zilizopita.

Jambo la pili ni simu, na hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu mengi yanayosemwa juu yake yametiwa chumvi. Mwaka 2017, Adrian Ward na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu walioacha simu zao chumba kingine walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kuliko walioziweka mezani, hata kama za mezani zilizimwa mlio. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Watafiti waliojaribu kurudia zoezi hilo baadaye hawakupata majibu yaleyale kila mara, kwa hiyo si busara kuhubiri kwamba simu iliyolala kimya inakunyonya akili. Kilicho thabiti zaidi ni kwamba simu inayoita au kutetemeka huvuruga hata usipoigusa. Mwaka 2015, Cary Stothart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwapa wanafunzi kazi inayohitaji umakini, na katikati ya kazi baadhi yao wakapigiwa simu au kutumiwa ujumbe. Waliopata mlio au mtetemo walikosea zaidi, hata ambao hawakuishika simu. Arifa moja tu inatosha kuanzisha fikra: ni nani, anataka nini, nimjibu nini. Hata tukiuweka kando utafiti wa Ward, kuipeleka simu chumba kingine kuna maana kwa sababu nyepesi kabisa: mkono hauwezi kuifikia bila wewe kusimama, na muda wa kusimama unatosha kugundua unachokifanya.

Pingamizi kubwa la simu ni hili, na ni la haki: "Simu ndiyo maktaba yangu. Notsi za mwalimu ziko kwenye kundi la WhatsApp, mitihani iliyopita iko kwenye PDF, kamusi iko humo humo. Kompyuta sina." Mwanafunzi wa namna hii hawezi kuambiwa simu aifungie kabatini. Afanye hivi: mchana, penye mtandao mzuri, apakue kila atakachokihitaji jioni hiyo, kisha wakati wa kusoma aiweke simu katika hali ya ndegeni. PDF inafunguka bila bando, kamusi nyingi zinafanya kazi bila intaneti, na hakuna ujumbe utakaoingia. Kama anaweza, karatasi tatu nne za mitihani iliyopita azitoe kopi. Gharama yake ni ndogo kuliko bando la wiki, nayo karatasi haina arifa. Ukikutana na jambo linalohitaji kutafutwa mtandaoni, usilitafute papo hapo. Liandike pembeni ya karatasi na uyatafute yote kwa pamoja mwishoni, kwa sababu anayefungua mtandao kutafuta maana ya neno moja hujikuta nusu saa baadaye kwenye video ya mapishi. Na kama hofu ni kwamba mama atapiga na asikupate, kiswaswadu cha zamani chenye laini moja, namba ikijulikana na watu wawili tu, kinaondoa hofu hiyo.

Kazini ugumu ni wa namna nyingine, kwa kuwa anayekukatiza mara nyingi ndiye anayekulipa mshahara. Mhasibu anayeandaa taarifa ya robo mwaka huku kundi la ofisi likilia kila dakika hana uwezo wa kujitoa kwenye kundi. Lakini anaweza kupunguza hasara. Sophie Leroy, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2009, alionyesha kwamba mtu anapohamia kazi nyingine kabla hajamaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma, na kazi ya pili hufanywa na akili iliyopungua. Baadaye, mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb walionyesha kwamba hasara hiyo hupungua ikiwa mtu, kabla ya kuhama, atatumia muda mfupi kuandika amefikia wapi na atakaporudi ataanza na nini. Basi bosi akikuita, usiruke kutoka kwenye kiti. Mwambie unakuja, andika kwenye karatasi: "Nimelinganisha risiti za Julai, nimekwama kwenye malipo ya umeme yaliyoonekana mara mbili, nikirudi nianze na hati ya benki," ndipo uende. Ni sentensi moja, na itakuokolea robo saa ya kujiuliza ulikuwa wapi. Mwanafunzi naye afanye hivyohivyo umeme ukikatika au akitumwa dukani. Tena ukiwa na nafasi ya kuzungumza na wakubwa wako, omba kitu mahususi. Ukisema "sitaki kusumbuliwa" utasikika mkaidi. Ukisema "kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi nitakuwa kwenye taarifa, baada ya hapo nitajibu kila kitu," wengi watakubali, kwa sababu umewaonyesha watapata majibu lini.

Kuhusu urefu wa kipindi, usishikwe na kanuni za watu. Mtaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alianza kutumia kengele ya jikoni yenye umbo la nyanya kujipimia dakika 25 za kazi na mapumziko mafupi, na njia yake imeenea kila mahali. Inafaa hasa kwa anayeogopa kuanza, kwa sababu dakika 25 hazimtishi mtu. Kwa anayekokotoa hesabu ndefu au kuandika insha, inaweza kumkata katikati ya wazo. Kilicho muhimu ni kwamba mwisho ujulikane kabla ya mwanzo. Anayekaa "mpaka nichoke" hujipimia nguvu bila kujua, anaenda taratibu, anaangalia dirishani. Anayejua kwamba saa tatu na nusu anasimama, na kwamba kabla ya hapo lazima maswali matatu yawe yamejibiwa, hana nafasi ya dirisha.

Kukesha ni mada inayohitaji kusemwa waziwazi, maana katika mabweni mengi bado ni sifa. Mwaka 2003, Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kuwaweka watu wazima wenye afya katika ratiba tofauti za usingizi kwa siku 14. Waliolala saa sita kila usiku, kiwango ambacho wengi wetu tunakiona ni cha kawaida, mwishoni walikuwa wakikosea kwa kiwango cha mtu aliyekesha usiku mmoja mzima. Wenyewe hawakujiona wamedhoofika hivyo. Hapo ndipo hatari ilipo: anayepungukiwa usingizi hupoteza hata uwezo wa kugundua kwamba amepungukiwa. Utaambiwa fulani alikesha mwezi mzima na akapata daraja la kwanza. Huenda ni kweli, lakini hujui angepata nini kama angelala, na hukuwahesabu waliokesha kama yeye wakafeli, kwa kuwa hao hawasimuliwi. Ukilazimika kuchagua kati ya saa moja ya mwisho ya usiku, kope zikiwa nzito, na saa moja ya alfajiri, lala sasa uamke saa kumi na moja. Nyumba ikiwa bado imelala, ukimya huo hauhitaji kuombwa kwa mtu.

Na ukimya ndio pingamizi la mwisho, lenye uzito kuliko yote. Mtu atasema: haya yote ni ya wenye chumba, meza na mlango wa kufunga, sisi tuko sita chumba na sebule, na televisheni haizimwi. Sehemu ya jibu ni kutafuta mahali pengine. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1967, maktaba za mikoa, Maktaba ya McMillan ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931, darasa tupu baada ya vipindi, ukumbi wa kanisa au madrasa siku zisizo na shughuli: hapo mtu akikuona na kitabu hakuulizi maswali. Sehemu nyingine ni kupanga kwa maneno yenye saa na mahali. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, katika utafiti wa 1997, waliwaomba wanafunzi waandike ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Nusu yao walitakiwa pia waseme wataiandika lini na wapi hasa. Kati ya hao, robo tatu waliimaliza kwa wakati. Kati ya wengine, theluthi moja tu. Kwa hiyo usiseme utasoma jioni. Sema: "Tukimaliza kula, nitakwenda kwa shangazi, nitakaa meza ya barazani, nitajibu maswali matatu ya Maji Maji hadi saa tatu na nusu." Sema hivyo mbele ya watu wa nyumbani, ili nao wajue.

Lakini haya yana mpaka, na kuuficha mpaka huo ni kumdhulumu msomaji. Binti anayepika, kuosha vyombo, kuteka maji na kuwalaza wadogo zake kabla ya kugusa daftari saa nne usiku hana tatizo la umakini. Muda wake umechukuliwa, na hakuna mbinu ya kusoma itakayomrudishia. Ikiwa umakini unategemea mazingira kama ushahidi unavyoonyesha, basi wenye mamlaka juu ya mazingira hayo wana wajibu mkubwa kuliko anayesoma. Mzazi, kabla hujamwambia mtoto wako ajitahidi, angalia ratiba yake ya jioni na umwondolee kazi moja. Kaka yake anaweza kuosha vyombo. Televisheni izimwe kwa saa moja na nusu, kila siku, kwa saa ileile. Mwalimu, wape wanafunzi maswali ya kwenda nayo nyumbani kabla ya kuwapa kurasa za kunakili. Nawe bosi, kama jambo si la dharura, lisubiri hadi saa nne na nusu.